Hadithi ya Mwindo Haikuishia Vitani



Kuna neno moja nimelisikia mara nyingi katika vijiji vya Walikale na Masisi, hata vinywani mwa wakristu wema. Husema kwamba hadithi za wazee ni mambo ya kale, hazina faida tena, na mkristu aliyesoma yafaa aziache pamoja na hirizi. Neno hili hunisumbua. Mimi ni katekista, nilisoma miaka kadhaa seminarini, na kazi yangu ni kufundisha Injili. Sina haja ya kurudisha matambiko. Lakini naona kwamba hadithi moja ya kwetu, ile ya Mwindo, yataja ugonjwa wetu wa leo waziwazi kuliko hotuba nyingi tulizosikia. Basi, tuitazame pamoja polepole, tujue wazee walitaka kutuambia nini.

Hadithi hii ni ya Wanyanga, watu wa msitu wa Walikale. Kwa lugha yao utenzi mrefu wa namna hii huitwa karisi, na mtambaji wake ni she-karisi. Si hadithi ya kumalizwa jioni moja kando ya moto. Mtambaji huimba, husimulia, hucheza, huigiza. Ana kibuyu cha kutikisa mkononi na kengele miguuni. Vijana hupiga mti mkavu kwa vijiti, na watu wanaosikiliza huitikia wimbo na kumtunza zawadi. Mwaka 1956 mtambaji mmoja aitwaye Rureke aliitoa hadithi nzima katika kijiji cha Bese. Ilimchukua siku 12. Mbelgiji Daniel Biebuyck na mwana wa Wanyanga, Kahombo Mateene, waliisimamia kazi ya kuiandika, na mwaka 1969 kitabu kikatoka Marekani, chenye maneno ya Kinyanga na tafsiri yake kwa Kiingereza. Baadaye Mateene alikuwa bingwa wa lugha, akaongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Kampala. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu cha pili chenye masimulizi mengine ya Mwindo, maana kila mtambaji ana njia yake.

Kwa wale wasioijua, nitaisimulia kwa ufupi, kama alivyoitoa Rureke.

Katika kijiji cha Tubondo palikuwa na mwami, jina lake Shemwindo. Alioa wake saba, akawapa amri kali: wazae wasichana tu. Msichana huleta mahari, mvulana atauawa. Sita walizaa wasichana. Wa saba, mpenzi wake, mimba yake ilikawia sana, na mwishowe akazaliwa Mwindo, kwa ajabu, katika kidole cha kati cha mamaye, huku anasema na kutembea, ameshika usinga wa mkia wa nyati mkono wa kuume na shoka mkono wa kushoto. Baba akamrushia mikuki, haikumpata. Akamzika hai, akatoka kaburini. Akamtia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma ikaelea, na Mwindo akaimba humo ndani kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkubwa mwenye kutawala vilindi vya maji.

Shangazi akampokea, akatoka pamoja naye. Wajomba wa Mwindo, ambao ni popo na wafua chuma, walimfua mwili kwa chuma. Ndipo akarudi Tubondo kulipa kisasi. Akamwita Nkuba, bwana wa radi. Radi saba zikaanguka, kijiji kikateketea na watu wote waliokuwamo. Baba yake alikuwa ameng'oa shina la mmea fulani na kukimbilia kuzimu. Mwindo akamfuata. Kabla ya kushuka alimpa shangazi ncha ya kamba: ikitulia, basi ajue kwamba mwanawe amekufa. Kuzimu alimkuta Kahindo, msichana mwenye buba, akamwosha vidonda vyake. Na msichana yule akampa mashauri yaliyomwokoa. Alipewa majaribu mengi, alicheza kamari na mungu Sheburungu, alipoteza kila kitu kisha akakipata tena. Mwishowe akamkamata baba yake na kumrudisha nyumbani.

Sasa tusimame kidogo hapa, maana vijana wengi nilioongea nao wanaijua hadithi mpaka hapa, na wengine hawafiki hata hapa. Wanamjua Mwindo mwenye mwili wa chuma, asiyeingia mkuki, anayejisifu kila mahali kwamba yeye ndiye aliyezaliwa akitembea. Huo ndio mwanzo wa hadithi tu.

Mwindo aliporudi na baba yake, Tubondo palikuwa majivu matupu. Shangazi Iyangura akamwuliza kama anataka kukaa peke yake juu ya mlima usio na watu. Angemtawala nani? Kwanza awaponye watu wa kijiji, ndipo yeye ataweza kuwapatanisha baba na mwana. Mwindo akatii. Akachukua usinga wake akawafufua watu kwa muda wa siku tatu, na kila mmoja akarudi katika kazi aliyokuwa akiifanya wakati radi ilipompiga. Kisha mkutano mkubwa ukaitwa. Shemwindo akakiri makosa yake mbele ya watu wote, wadogo kwa wakubwa, na nchi ikagawanywa. Mwindo akawa mwami.

Wala hapo si mwisho. Siku moja mwami Mwindo alitamani nyama ya nguruwe wa msituni. Akawatuma Watwa kuwinda. Huko joka Kirimu likawameza watatu, wa nne akaponyoka kuleta habari. Mwindo akaenda akaliua. Mtu angefikiri kwamba amefanya vema, maana joka limekula watu. Lakini Nkuba, bwana wa radi, alikuwa amechanjiana damu na Kirimu. Akasikia harufu ya rafiki yake aliyeuawa, akashuka akamchukua Mwindo juu mawinguni. Huko hakukuwa na wa kumsifu. Mvua ikampiga, jua likamwunguza, akaona njaa na kiu muda wa mwaka mzima. Chuma cha wajomba hakikumfaa kitu. Alionywa kwa ajili ya majivuno yake, akakatazwa kuua tena mnyama yeyote wa msituni au wa kijijini, hata mdudu mdogo kabisa. Ndipo aliporudishwa.

Aliporudi, aliwapa watu wake sheria. Walime vyakula vya namna nyingi. Wajenge nyumba nzuri. Wasigombane. Wasimwendee mke wa mtu. Wasimcheke mlemavu apitaye kijijini. Wamkubali mwami na kumwogopa, lakini mwami naye awaogope watu wake. Chuki isiwe nyingi katika nchi.

Nafikiri wazee waliopanga mambo kwa taratibu hii walijua wanachofanya. Hawakutunga hadithi ya kusifu nguvu. Walijua kwamba kijana aliyedhulumiwa, baba yake akitaka kumwua, hataweza kukaa kimya, atatafuta shoka. Hawakumlaumu kwa hilo. Lakini walijua pia kwamba shoka halijui kuacha. Aliyeshinda dhuluma kwa nguvu, kesho atatumia nguvu ileile kwa sababu ya tamaa ya nyama. Kwa hiyo katika hadithi Mwindo anashinda mara nyingi, lakini hawi mwami kamili mpaka anyang'anywe ushindi wake na kufundishwa mipaka.

Tuitie basi hadithi hii katika siku zetu. Mimi nina umri wa miaka thelathini na kitu. Watu wa rika langu hatukuijua Masisi wala Walikale isiyo na vita. Machi 1993 damu ilimwagika sokoni Ntoto, katika Walikale, na moto ukapanda mpaka Masisi. Nyuma ya moto ule palikuwa na mambo ya zamani zaidi: kati ya 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta jamaa nyingi kutoka Rwanda kukaa katika milima ya Masisi, na swali la ardhi na la utawala halikupata jibu la haki, wala wakati wa ukoloni wala baada ya uhuru wa 1960. Kisha zikaja vita vya 1996 na 1998. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 watu kwa maelfu walikimbilia Bisie kuchimba madini ya bati, wenye bunduki wakawafuata. Mwaka 2025 vita vilifika Masisi katikati mwezi wa Januari, na Walikale katikati mwezi wa Machi. Katika miaka hiyo yote vijana wengi, wa kila kabila, waliingia msituni. Wengi waliingia kwa sababu ambayo Mwindo angeielewa: baba ameuawa, shamba limechukuliwa, dada ameharibiwa. Wakapewa dawa, wakanyunyiziwa maji, wakaambiwa risasi haitawaingia. Huo ndio mwili wa chuma wa Mwindo. Lakini nani aliwaambia habari za mwaka ule wa mawinguni?

Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa akitusimulia vipande vya Mwindo usiku, tulipokuwa wadogo. Alikuwa na desturi moja: kila tulipokimbia tukalala porini, hakusimulia vita vya Mwindo hata kidogo. Alisimulia habari za Kahindo mwenye buba, au za kamba mkononi mwa shangazi. Sisi watoto tulikasirika, tulitaka radi saba. Sasa naona alikuwa akichagua. Hivyo ndivyo afanyavyo mtambaji wa kweli. Rureke mwenyewe alipotamba aliweka ndani ya nyimbo zake mambo ya siku ile, hata kumwambia mwandishi aendelee na kazi yake. Hadithi ni ya kale, lakini mwenye kuisema anakaa katika leo, naye huwatazama wasikilizaji wake usoni.

Tena jambo hili si la kwetu tu. Kule India alikuwako mwandishi mmoja, Raja Rao, aliyezaliwa mwaka 1908 katika mji wa Hassan, kusini mwa nchi, akafariki mwaka 2006. Mwaka 1938 alitoa riwaya, yaani hadithi ndefu ya kutungwa, iitwayo Kanthapura. Ni habari za kijiji kimoja kidogo wakati Gandhi alipokuwa akiwafundisha Wahindi kudai uhuru bila kupiga mtu. Raja Rao hakuisimulia kama msomi wa mjini. Alimpa kazi hiyo mwanamke mzee wa kijiji, jina lake Achakka, naye anaongea kama nyanya zetu waongeavyo, akichanganya habari za polisi na kodi na habari za Kenchamma, mungu wa kike wa mlima wao. Kijijini anafika mwimbaji wa hadithi za miungu, na katikati ya hadithi hizo anamweka Gandhi, kana kwamba naye ni shujaa aliyetumwa kuua nyoka mwovu. Watu wanaelewa mara moja, kwa kuwa habari mpya imekuja na nguo wanayoijua.

Lakini angalieni, wasomaji, nguo ni ya zamani na mwili ni mpya. Kijana Moorthy, wa tabaka la juu, anaingia katika nyumba ya watu waliohesabiwa kuwa najisi na kunywa maziwa yao. Anafanya hivyo kwa hofu, maana desturi yote ya baba zake inamkataza. Moorthy anapofungwa gerezani, wanawake ndio wanaoshika uongozi. Wala mwandishi hakuwadanganya wasomaji wake. Mwisho wa kitabu kijiji kimekwisha kuharibika, na waliobaki wamehamia kijiji kingine. Mungu wa mlima hakuzuia moto. Kilichobaki ni ule mwanzo wa kuonana kama watu, na mwanamke mzee anayekumbuka kila jina.

Nilipokisoma kitabu hicho niliwafikiria watu wa kwetu waliokaa miaka katika kambi za wakimbizi, Sake, Mweso, Kitchanga. Huko nako kulikuwa na wanawake wazee wanaokumbuka kila jina. Nani aliwaandika? Karisi ya siku 12 yataka kijiji kilichotulia. Yataka migomba yenye kuzaa, kasiksi kwenye vibuyu, vijana wasiochoka kupiga mti, wasikilizaji wasioogopa usiku. Palipo na vita haitambwi. Kwa hiyo vita vyetu havikuua watu peke yao. Viliwanyima walio hai hadithi ambayo ingewasaidia kuvimaliza.

Mwaka mmoja nilikuwa na kijana katika mafundisho ya ubatizo aliyekuwa ametoka msituni. Alikuwa na miaka kama 17. Siku moja, baada ya mafundisho, tukaongea juu ya Mwindo. Alimjua sana, kwa chuma na kwa shoka. Nikamwendeleza mbele, nikamweleza juu ya swali la Iyangura na juu ya watu wa Tubondo kufufuka. Akaniuliza, "Mwalimu, aliwafufua wote?" Nikasema, ndiyo, hadithi yasema wote. Akanyamaza, akakwaruza udongo kwa kidole cha mguu. Kisha akasema, "Sisi hatuna usinga ule."

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kwamba jibu la haraka lafaa. Kweli hatuna usinga ule. Aliyekufa Ntoto au Masisi hatarudi kusonga ugali wake kesho. Sisi wakristu twatumaini ufufuko, lakini tumaini hilo halimpi mtu ruhusa ya kuua leo. Ndiyo maana sehemu ya pili ya hadithi ina nguvu zaidi kwetu kuliko kwa wasikilizaji wa Rureke. Wao walisikia kwamba hata mwenye kuweza kufufua aliadhibiwa kwa sababu ya kuua. Je, sisi tusioweza?

Najua wengine watasema kwamba hadithi ya namna hii ni hatari, kwa kuwa kila mkubwa wa kikundi chenye silaha anaweza kujiita Mwindo. Ni kweli, anaweza. Lakini anaweza kwa sababu watu wamesahau mwisho. Mahali ambapo kila mtoto anajua hadithi nzima, mkubwa wa namna hiyo akijiita Mwindo, mwanamke mzee atamwuliza mbele ya watu: mwaka wako wa mawinguni ulikuwa lini? Sheria zako ziko wapi? Unawaogopa watu wako kama wanavyokuogopa?

Wengine watasema ni upagani. Nawajibu kwa upole. Mwaka 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano uliwafundisha wakristu kutafuta kwa furaha mbegu za Neno zilizofichwa katika mila za mataifa. Mwaka 1969, ndio mwaka uleule hadithi ya Mwindo ilipopigwa chapa, Papa Paulo VI alikuja Kampala, akawaambia Waafrika kwamba wanaweza kuwa na ukristu wa Kiafrika. Kumheshimu Nkuba kama mungu ni jambo moja, nalo tumeliacha. Kusikia wazee wakisema kwamba mwenye nguvu ana wa kumhukumu ni jambo jingine.

Basi, tufanye nini? Kwanza, wazazi na waalimu wawaulize wazee waliobaki, Wanyanga, Wahunde, Watwa na wengine wote, wayaandike wanayoambiwa, hata kwenye daftari la shule. Wanyanga wenyewe husema kwamba walipata hadithi nyingi kwa Watwa. Basi Watwa wasisahauliwe. Pili, kitabu cha 1969 kimeandikwa kwa lugha mbili, na wengi wetu hatusomi Kiingereza. Ingefaa watoto wetu wapate hadithi nzima kwa Kiswahili chepesi. Tatu, na hili nawaambia vijana wasomi hasa: andikeni riwaya. Thomas Mofolo wa Lesotho alikuwa mkristu aliyefanya kazi katika misioni, na kitabu chake Chaka, kilichotoka 1925, kilitwaa shujaa wa kale na kuonyesha jinsi nguvu isiyo na mipaka inavyomla mwenyewe. Raja Rao alimpa mwanamke mzee nafasi ya kusema. Nani ataandika habari za Mwindo wa leo, aliyetoka katika ngoma iliyotupwa mtoni, akapita machimbo ya Bisie na milima ya Masisi, akafika mahali ambapo shangazi anamwuliza atamtawala nani?

Mwandishi huyo labda yupo sasa hivi katika shule fulani ya Walikale, anaandika kwa kalamu iliyokwisha wino. Asimwachie Mwindo mwili wa chuma na kumwishia hapo. Ampandishe mawinguni, amwache aone baridi na kiu, kisha amshushe na sheria zake mkononi. Watoto wetu wamekwisha kupewa radi saba. Sasa tuwape na zile sheria.